Maisha ya Sayyid Barghash bin Said, na Neno Zito la Kutaka Radhi

 

Ndugu wasomaji wetu wa Kikoneni, Msambweni, Gazi na Vanga, na kila palipo na mkono wa kukipokea kijarida hiki: mara hii hatukuchagua maisha ya mwanachuoni, kama ilivyo ada yetu. Tumechagua maisha ya mfalme. Wako watakaouliza, Sayyid Barghash bin Said ana lipi la kutufunza, naye alikuwa Ibadhi nasi ni Mashafii, tena hakuwa mtu wa kukaa darasani? Jawabu ni kwamba darasa yetu inadaiwa. Tuna deni la mtu, na deni lenyewe si la fedha. Tulipokaa kulizungumza tukaona kila mmoja wetu ana hoja nzuri ya kutolilipa, na hoja hizo zikatukumbusha mtu huyu ambaye wazee wetu waliishi chini ya bendera yake. Habari ya deni tutaieleza mahali pake. Kwanza na tusome tarikh.

Sayyid Barghash alizaliwa kiasi cha mwaka 1837. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na mama yake alikuwa suria wa Kihabashi. Jumba la Sayyid Said lilikuwa na watoto wengi wa mama mbalimbali, na katika jumba la namna hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba anayekubali kuwa chini ya mwenzake leo atakuwa chini yake siku zote. Hatusemi haya kumtetea wala kumlaumu. Twataka msomaji aone tabia ilianzia wapi.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Sayyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Barghash alikuwa pamoja naye merikebuni, kijana wa kiasi cha miaka 19. Ndugu yake mkubwa Sayyid Majid, aliyekuwa akishika nafasi ya baba yao Unguja, alitoka kwa mashua kwenda kuwapokea, wakapishana. Barghash akauteremsha mwili wa baba yake usiku, akauzika kwa siri, kisha akataka kuishika ngome kabla mji haujajua kwamba mfalme amekufa. Mkuu wa askari wa ngome hakukubali. Kulipokucha Majid ndiye aliyekuwa mtawala, na Barghash akawa ndugu wa mtawala kama ndugu wengine. Katika habari zilizotufikia hatukuona mahali alipomwendea kaka yake akamwambia kwamba usiku ule alifanya lisilofaa. Wala hatukuona kwamba Majid alimtaka afanye hivyo. Jambo lilifunikwa, kama tunavyofunika sisi tunaposema yaishe, na lililofunikwa bila ya kutajwa halikuisha.

Miaka mitatu baadaye lilizuka tena. Mwaka 1859 Barghash alishirikiana na wakubwa wa kabila la Harthi kutaka kumwondoa Majid. Majid akamzingira nyumbani mwake kwa askari. Hapo wakaingia dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka 15, aliyejifunza kuandika kwa siri, na kwa sababu ya kalamu yake akawa karani wa waasi: barua za njama zilipita mkononi mwake. Siku moja dada hao waliingia katika nyumba iliyozingirwa pamoja na kundi la wanawake, na walipotoka, mmoja wa waliojitanda nguo za kike alikuwa Barghash mwenyewe. Akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, ambako wenziwe walikuwa wamejiimarisha. Majid, akisaidiwa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza, akawashambulia. Watu wakafa. Barghash akarudi mjini kwa kificho, na huko nyumbani kwake ndiko alikokamatwa.

Sasa msomaji na atazame vizuri lililofuata. Balozi wa Kiingereza, aliyeitwa Rigby, alisimamia mkutano, na mbele ya ndugu yake na wakubwa wa Waarabu Barghash akaapa kwa Msahafu kwamba ataondoka Unguja na hatainuka tena kumpinga Majid. Kisha akapakiwa merikebuni akapelekwa Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili.

Watu wengi hudhani kwamba kiapo kile kilikuwa ndiyo radhi. Sisi twaona kwamba kiapo na kutaka radhi ni vitu viwili mbalimbali. Kiapo ni cha kesho: mtu huahidi kwamba hatarudia. Radhi ni ya jana: mtu hukiri alilolitenda, akalitaja kwa jina lake. Mtu aweza kuahidi kwamba hatarudia bila ya kukubali kwamba aliloliacha lilikuwa ovu. Ameliacha kwa kuwa ameshindwa. Tena kukiri mbele ya bunduki za mgeni hakumfunzi mtu unyenyekevu, humfunza kungoja. Wazazi wanaomshika mtoto sikio wakamlazimisha aseme samahani hadharani, na walimu wa vyuo wanaofanya hivyo kwa fimbo, wataelewa tunalolisema. Mtoto hulitamka neno, na moyoni huweka hesabu.

Barghash aliporudi kutoka Bombay mwaka 1861, kaka yake akamwacha akae mjini kwa salama. Majid, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu mgonjwa mwenye moyo mwepesi wa kusamehe. Dada zake hakuwaadhibu, ingawa walikuwako waliomshauri awaadhibu. Na katika watu wote wa njama ile, aliyelemewa na dhamiri alikuwa Salme. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, aliandika waziwazi majuto yake kwa kumgeuka Majid, ambaye hakuwa amemtendea ila wema. Na kabla ya kuandika alitenda: palipotokea sababu ya kumwendea Majid, alikwenda, wakapatana.

Kwa ajili ya kupatana huko Barghash akamkata dada yake. Hapa pana siri kubwa ya nafsi ya mwanadamu. Salme hakumkosea Barghash. Alikuwa amejitia hatarini kwa ajili yake. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba alikiri. Na mmoja katika waliokosa pamoja akikiri, wengine hubaki wazi kama watu waliovuliwa shuka. Aghlabu twamchukia anayetubu kuliko tunavyomchukia adui, maana adui hutushitaki kwa ulimi wake, na anayetubu hutushitaki kwa kitendo chake.

Twaomba msomaji akumbuke tarehe za mambo haya, kwani tutazihitaji. Ugomvi wa Barghash na Salme ulianza Salme akiwa Mwislamu, mwenye kusali na kufunga, ndani ya Unguja. Alitoroka mwaka 1866, na mwaka 1867 huko Adeni akaingia dini ya Kikristo akaolewa na Mjerumani. Jambo hilo la pili ni msiba, nasi hatulitetei hata kwa neno moja. Lakini la kwanza lilitangulia.

Sayyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akashika ufalme. Kwa haki yake na tuseme kwamba alikuwa mfalme hodari. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaing'oa mikarafuu, na mfalme ambaye hata miaka miwili hajatimiza akabaki na hazina tupu. Alisimama. Alileta mji maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji. Alinunua meli za moshi. Aliweka mtambo wa kupiga chapa uliotoa vitabu vya dini vya madhehebu yake. Na mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, lililokuwa la kushangaza kwa kila aingiaye bandarini. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Kwanza alikataa; alitia sahihi alipotishwa kwamba manowari zitakifunga kisiwa. Na wale waliopita katika soko lile, hatukusoma kwamba kuna mfalme au mfanyabiashara, wa kwetu au wa kigeni, aliyewataka radhi. Jambo hilo ni refu na linastahili makala yake.

Huku kwetu jina lake lilifika kwa njia ya vita. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi alikuwa hakubali utawala wa Busaidi, kwa sababu baba yake, liwali wa mwisho wa Kimazrui wa Mvita, alikamatwa na Sayyid Said mwaka 1837 pamoja na jamaa zake, wakahamishwa nje wasirudi tena. Mbaruk aliasi, akanyenyekea, akaasi tena. Mwaka 1882 Barghash alimtuma Mathews, Mngereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, akaiendea ngome ya Mwele katika vilima vya nyuma ya Gazi. Ngome ikatwaliwa, Mbaruk akaponyoka, na baadaye akaachwa akae Gazi. Kila upande ulikuwa na la kusamehewa, na kila upande ulingoja mwenzake aanze. Barghash hakuishi kuuona mwisho wake: mwaka 1895 Waingereza waliipiga Mwele tena, na mwaka 1896 Mbaruk akavuka mpaka kwa Wajerumani, akafa Dar es Salaam mwaka 1910.

Sasa tumefika mahali ambapo darasa yetu ilikaa jioni mbili. Barghash alikuwa na ndugu aliyeitwa Khalifa, aliyemfuata katika kustahiki ufalme. Barghash akamshuku, na kwa shuku hiyo akamfunga kwa pingu. Bibi Salme ndiye aliyeisimulia habari hii katika kitabu chake. Naye ni shahidi aliyekuwa na ugomvi na kaka yake, basi mwenye kuisoma na aipime kama zinavyopimwa habari za mtu mwenye ugomvi. Kufungwa kwa Khalifa ni jambo mashuhuri, na lililobaki twalieleza kama alivyolieleza yeye.

Asema kwamba dada yao mmoja, ambaye Barghash alikuwa amemkosea kosa kubwa, alikusudia kwenda Hija. Barghash akaingiwa na hofu kwamba dada huyo, atakapofika nchi takatifu, atamwombea mabaya, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Basi mfalme huyu, aliyekuwa na majumba na meli na askari, akamtaka radhi dada yake. Na dada yake akakataa. Akasema, kwa maana, kwamba radhi yake haipatikani mpaka Khalifa afunguliwe. Khalifa akafunguliwa.

Ndugu wasomaji, sote twaijua ada ya pwani hii. Mtu akiazimia Hija huzunguka nyumba kwa nyumba akisema mnisamehe, kwa nilowakosea kwa kujua na kwa kutojua. Naye jirani hujibu, tumekusamehe, nawe utusamehe. Machozi hutoka, kahawa hunywewa, na kila mtu huenda zake. Ni ada njema, nasi hatusemi iachwe. Lakini twaulizana: katika radhi hizo zote, ni ngapi zilizotaja kosa? Jirani uliyemsogezea mpaka wa shamba mikarafai mitatu, umemsogezea kwa kujua au kwa kutojua? Neno pana kama lile hufunika kila kitu na halifunui chochote. Ni rahisi kumwomba radhi mji mzima, na ni taabu kumwomba mtu mmoja kwa jambo moja. Mwenye Hija aliyemwambia jirani yake kwamba ule mnazi wa pembeni ni wako, nami nimekula nazi zake miaka kumi, huyo hatujapata kumsikia, ingawa minazi ya namna hiyo twaijua.

Yule dada wa Barghash hakukubali neno pana. Wala hakutaka kitu cha nafsi yake, si shamba wala dhahabu. Alitaka dhuluma inayoonekana iondolewe. Na hivyo ndivyo walivyotufunza wanavyuoni. Imam Nawawi, na vitabu vyake vinasomwa katika kila darasa ya pwani, ameeleza kwamba toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likiwa la haki ya mwanadamu, sharti la nne huongezeka, nalo ni kumwondokea mwenye haki kwa haki yake: ikiwa ni mali arudishiwe, na ikiwa ni heshima atakwe radhi. Matatu ya mwanzo mtu hukaa nayo peke yake msalani, usiku, taa ikiwa imezimwa. La nne lina mlango wa mtu wa kubishiwa hodi. Ndiyo maana wengi wetu huishia la tatu.

Walitokea katika darasa ndugu waliosema kwamba radhi ya Barghash haikuwa kitu, kwani aliitaka kwa kuogopa dua, si kwa kuijutia dhuluma. Huenda ikawa hivyo. Ya moyoni hatuyajui. Lakini pingu zilifunguliwa. Aliyefunguliwa hakuulizwa kama aliyemfungua alikuwa na ikhlasi. Sisi twaona kwamba wengi hungoja moyo wao utakate kwanza ndipo wakamtake mtu radhi, na huko kungoja nako ni hila ya nafsi, maana aliyekosewa huendelea kuumia wakati mkosaji anaung'arisha moyo wake.

Mwaka 1885 ulikuwa mwaka mzito kwake. Wajerumani walikuwa wametangaza ulinzi juu ya nchi za bara alizozihesabu kuwa zake, na alipolalamika wakaleta manowari mwezi Agosti zikaielekezea Unguja mizinga. Akakubali asilolitaka. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani wakakata mipaka baina yao, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi, na ukatokea mpaka ule unaopita karibu na Vanga na Lunga Lunga ambao hadi leo umegawa jamaa za Kidigo huku na huku. Pamoja na manowari zile za 1885 alikuja Salme, mjane mwenye watoto, akidai urithi wake na akitamani kumwona kaka yake. Miaka kumi nyuma, Barghash alipozuru London mwaka 1875, alikwenda huko pia, na wakubwa wa Kiingereza wakamzuia asionane naye. Mara hii hapakuwa na wa kuwazuia. Barghash akakataa kumpokea.

Ni nani atakayemlaumu mfalme wa Kiislamu kwa kumkataa dada aliyetoka katika Uislamu, tena aliyekuja na manowari za adui? Hoja ni nzuri, na ndiyo inayotutia shaka. Zile tarehe tulizomwomba msomaji azikumbuke ndizo hizi. Dada alikatwa kwanza, kwa ajili ya kupatana na Majid, na hoja ya dini ilipatikana baadaye. Ilipopatikana ikakaa mahali pa ile ya kwanza, ikaonekana kana kwamba ndiyo iliyokuwako tangu mwanzo. Dini haiwi sababu ya ugomvi kwa kufika wakati ugomvi umekwisha kukomaa. Hatusemi kwamba ilimpasa amkumbatie. Twasema kwamba lilikuwako deni lililotangulia ambalo ridda ya 1867 haikulifuta, na kwamba kosa la mwenzetu, hata likiwa kubwa kuliko letu mara mia, haliligusi letu.

Na hapa ndipo ilipo hatari yetu sisi tunaojiita watu wa kutengeneza. Mtu wa kawaida akikosa husema nilighadhibika, au nilidanganywa. Sisi tukikosa husema tulikuwa tukiitetea haki. Iblis hakukataa kusujudu kwa kusema kwamba anapenda maasi. Alileta hoja, akapima moto na udongo, akahukumu kwamba yeye ni bora. Adam na mkewe hawakuleta hoja. Walisema wameidhulumu nafsi yao. Qur'ani imeyaweka masimulizi hayo mawili karibu karibu katika Suratul Aaraf ili tuyasome pamoja, nasi twayasoma mbalimbali. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani yote hii, alikuwa na kauli zake alizozitoa Iraki. Alipohamia Misri alizipitia upya, nyingi akaziacha, na wanafunzi wake wakaandika hadharani kwamba hii ni kauli ya zamani na hii ni mpya. Alifariki mwaka 204 wa Hijra, na hadi leo hakuna aliyesema kwamba Imam alipungua kwa kurejea.

Turudi kwa Barghash. Katika miaka ya mwisho ya utawala wake alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Mvita, kwa sababu ya mjadala wa itikadi baina ya Sunni na Ibadhi. Jela ikawa ndiyo jawabu la kitabu. Mwanzoni mwa mwaka 1888 mfalme alikuwa mgonjwa sana. Alikwenda Omani kutafuta nafuu, hakuipata, akarudi, na tarehe 27 Machi 1888 akafariki katika mji wake. Sheikh Ali alikuwa bado kifungoni. Aliyemfungua ni mfalme mpya, naye ni yule yule Khalifa aliyefunguliwa pingu kwa sharti la dada yake.

Sheikh Ali akarudi Mvita, na mwaka 1891 akapata mtoto, akamwita Al-Amin. Miaka mitatu baadaye akafariki. Mtoto huyo ndiye Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Vijarida vyote vya namna ya hiki chetu ni vijukuu vya karatasi zake. Bibi aliyekuwa akifunga mizigo ya Hija hakuyajua hayo. Hata jina lake hatulijui.

Sasa deni letu. Katika toleo letu la kabla ya Ramadhani iliyopita tuliandika juu ya minazi ya wakfu katika kijiji kimoja cha jirani, tukasema kwamba mwalimu mzee wa chuo cha hapo ameyala mapato yake. Jina hatukulitaja, tukajiona waadilifu kwa kutolitaja. Lakini tuliutaja mkwaju ulio mbele ya chuo, na chuo chenye mkwaju kama ule ni kimoja tu. Habari tulipewa na watu wawili. Hatukuuliza kama wana ugomvi naye, nao walikuwa nao, wa mpaka wa shamba. Mzee mwenyewe hatukumwuliza lolote, ijapokuwa nyumba yake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka msikitini petu.

Baada ya Idi tuliletewa daftari la wakfu. Mapato yote yalichimbiwa kisima cha msikiti, na sahihi za wazee watatu zilikuwamo, pamoja na bei ya saruji na ujira wa mafundi. Tulilisoma kila mmoja kwa zamu yake. Kisha tukakaa matoleo matatu bila ya kusema neno.

Kwa nini? Hapana aliyesema kwamba haoni haya. Ilisemwa kwamba mzee huyo ni mtu wa hitima za malipo na mambo mengine ambayo tumekuwa tukiyakataza, na tukimtaka radhi kwa hili la minazi watu watasema kwamba yote tuliyomkataza ni uongo, na bid'a itapata nguvu. Ilisemwa kwamba maslahi ya daawa ni makubwa kuliko heshima ya mtu mmoja. Aliyelisema hilo kwa nguvu zaidi ndiye aliyepewa kazi ya kuandika makala haya. Tukamtazama Barghash akikataa kumfungulia dada yake mlango kwa hoja ya dini, tukaitambua sauti.

Alhamisi iliyopita, baada ya Alasiri, tulikwenda watu wanne. Mzee alitupokea, akatandika mkeka, akatoa kahawa na tende. Tulimwambia tulilolifanya, neno kwa neno, na la mashahidi wawili ambao hatukuwachunguza, na la matoleo matatu ya kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba mjukuu wake aliondolewa chuoni na wenziwe kwa kuitwa mjukuu wa mla wakfu, na kwamba watoto kumi na mmoja waliacha kuja kusoma kwake tangu toleo lile. Hayo hatukuyajua. Akasema kwamba radhi yake ipo, wala hainyimi, lakini itakuja baada ya neno letu kusomwa pale pale liliposomwa lile la kwanza. Tukamwona ana haki.

Basi na ijulikane: tuliyoyaandika juu ya minazi ile ni uongo. Mwalimu yule hakula mali ya wakfu, wala hakuna mtu aliyeila. Tulilichapisha bila ya kuchunguza, na tulipoujua ukweli tuliuficha. Wenye toleo lile majumbani, twawaomba waikate kwa wino aya ya tatu ya ukurasa wa pili. Makala haya yatasomwa baada ya Sala ya Ijumaa katika misikiti mitatu liliposomwa lile, na watatu kati yetu watakwenda kwa wazazi wa wale watoto kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, kuwaeleza. Ama shauri letu na mzee juu ya hitima, lingali pale pale, naye alitutania juu yake alipokuwa akitusindikiza hadi mkwajuni.